Uvuvi Usiojaza Chungu

Akina mama wenzetu, katika nyumba nyingi mtu akisema anakwenda kuvua samaki, mama wa nyumba huanza kutafuta nyanya na vitunguu. Kwetu uvuvi ni kitoweo, ni ada ya shule, ni nauli ya kwenda hospitali. Lakini uko uvuvi wa namna nyingine. Mtu hutoka asubuhi na mapema, husimama ndani ya maji ya baridi, hurusha mshipi mara mia, na akimpata samaki humtazama kidogo kisha humrudisha mtoni. Jioni hurejea nyumbani hana kitu mkononi, naye ameridhika kabisa. Uvuvi huo tumeuona kwa macho yetu wenyewe. Tunawasimulia kwa sababu ulimfikia mtoto wetu mahali ambapo maneno yetu yalikuwa hayafiki.

Sisi ni wakazi wa Jorodom, wilayani Hanang, mkoani Manyara. Hapa petu si nchi ya wavuvi. Ziwa Balangida ni la chumvi, na watu hulifuata kwa chumvi yake. Perege na kambare tunaowaona sokoni hutoka Ziwa Basotu, ziwa la maji baridi lililo katika wilaya yetu hii hii. Wazee wetu ni watu wa ng'ombe. Mgeni wa heshima wao humkaribisha kwa maziwa na nyama, na wapo bado wanaomtazama samaki kama kitu cha watoto. Kwa hiyo msishangae tukiwaambia kwamba habari ya kuvua kwa kujifurahisha haikuwahi kutajwa katika nyumba yetu mpaka Desemba 2024.

Alfajiri ile ya Jumapili

Ili mwelewe tulivyofika mtoni, hatuna budi kuanzia mlimani. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ndio unaotupa mvua na maji ya visima. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo ilimeguka. Wataalamu wa serikali walieleza baadaye kwamba miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi mno hata ikashindwa kujishikilia. Tope, mawe na magogo viliteremka kwa kasi kupitia makorongo hadi mji wa Katesh na sehemu za jirani, Jorodom ikiwa mojawapo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na familia nyingi zilibaki bila nyumba.

Sisi tulitoka wote tukiwa hai, na jambo hilo hatulisemi kwa kujivuna, maana majirani zetu wengine hawakutoka. Tulisikia mngurumo kama malori mengi yanayopanda mlima kwa pamoja. Baba watoto alimbeba mdogo, wakubwa wakakimbia mbele, na kijana wetu wa tatu, aliyekuwa na miaka minane, aliushika upindo wa kanga ya mama yake, tukapanda mahali pa juu gizani. Kulipokucha tuliona jiko letu halipo, zizi la mbuzi halipo, na miguu ya yule mtoto imechanwa na mawe, kwa sababu alikimbia peku.

Vidonda vya miguu vilipona kwa wiki mbili. Lakini tangu siku zile mtoto huyo alianza kulala na viatu. Mvua ikinyesha au isiponyesha, alipanda kitandani amevaa viatu vyake vya shule, kamba zimefungwa mafundo mawili mawili. Tukimvua akishalala, aliamka usiku akilia na kuvitafuta. Kuvuka korongo kwenda shuleni alikataa, hata wakati wa kiangazi ambapo lina mchanga mtupu. Alizunguka njia ndefu ya juu, akafika amechelewa. Akitumwa maji bombani, akikuta yanamwagika kwa nguvu kwenye ndoo, alirudi nyuma. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Huyu wetu aliumwa na maji, na maji yako kila mahali.

Tulizungumza naye. Walimu wake walizungumza naye kwa upole. Watu wa ushauri nasaha waliopita kuwatembelea waathirika walikaa naye, na tunawashukuru, kwa sababu walitueleza kwamba hofu ya namna hii ni ya kawaida kwa mtoto aliyeona mambo makubwa, na kwamba hatakiwi kuchekwa wala kulazimishwa. Yeye alijibu kila swali kwa neno moja: "Sawa." Jioni alivaa viatu vyake akalala.

Safari ya Nyeri

Mdogo wetu wa kike ameolewa Kenya, katika kaunti ya Nyeri, karibu na Kiganjo. Ulipokaribia mwaka mmoja tangu yale maporomoko, alituandikia kwamba twende tule Krismasi huko, watoto wabadilishe mazingira. Tulihesabu nauli mara tatu. Tukauza mbuzi wawili kati ya wale tulioanza kuwafuga upya, tukashughulikia hati za kusafiria, tukashika basi la Arusha, kisha Namanga, Nairobi, mpaka Nyeri.

Nyeri ni nchi ya milima miwili. Upande mmoja uko Mlima Kenya, upande mwingine safu ya Aberdare, na kati yake mito inateremka ikiwa baridi na meupe kama kioo: Sagana, Thego, Gura na mingineyo. Hatukuwa tumefikiria jambo hilo tulipokuwa tukifunga mizigo. Tulimtoa mtoto anayeogopa mto na kumpeleka mahali ambapo mto unasikika ukiwa kitandani.

Kazi ya shemeji yetu ndiyo iliyotushangaza zaidi. Yeye huwaongoza wavuvi, wengine kutoka Nairobi, wengine kutoka Ulaya, wanaolipia kibali na kuja kuvua trauti kwa ajili ya mchezo. Baba watoto alimwuliza, "Wanalipa pesa wavue samaki, halafu wanawaachilia?" Shemeji akacheka, akasema, "Shemeji, kesho twende uone."

Trauti ni nani?

Hapa tuwaeleze kidogo kuhusu samaki mwenyewe, maana habari zake ni nzuri na sisi tulizipokea kwa hamu.

Trauti ni wa jamaa ya samoni, yule samaki wa nchi za kaskazini mwenye nyama ya rangi ya waridi. Samoni huzaliwa katika mito ya baridi, huenda baharini akakua, kisha hurudi kuzaa katika mto uleule aliozaliwa, akiutambua kwa harufu ya maji yake. Katika bahari ya Atlantiki yupo wa aina moja. Upande wa Pasifiki, katika mito ya Marekani na Kanada, wako wa aina 5: chinuku, ambaye ni mkubwa kuliko wote na huitwa mfalme, sokai, ambaye wakati wa kuzaa mwili wake huwa mwekundu na kichwa kijani, koho, chamu, na samoni wa waridi, mdogo wao, ambaye huzaa na kumaliza maisha akiwa na miaka miwili. Wavuvi wa kule huzijua nyakati za kila mmoja, kama sisi tunavyojua msimu wa kunde na msimu wa mbaazi.

Mama samoni hulala ubavu juu ya changarawe na kuchimba shimo kwa mkia wake. Hutaga mayai humo, baba huyarutubisha, naye mama huyafukia kwa changarawe ili mkondo usiyachukue. Hao wa Pasifiki wakishazaa hufa, na miili yao huurutubisha mto ambamo watoto wao watatafuta chakula.

Trauti wa Nyeri hawaendi baharini, na wakizaa hawafi. Wako wa aina mbili. Trauti wa kahawia ana madoa meusi na mekundu, naye ni ndugu wa karibu wa samoni wa Atlantiki. Trauti wa upinde wa mvua ana mstari wa waridi ubavuni, naye ni ndugu wa karibu wa wale wa Pasifiki. Kwa hiyo katika mito ya Nyeri zimekutana koo mbili za samoni ambazo baharini ziko mbali kabisa.

Wote wawili ni wageni Afrika Mashariki. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905 na Ewart Grogan, na watoto wake wakapandwa katika mto Gura. Trauti wa upinde wa mvua aliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Hata Tanzania walipandwa wakati wa ukoloni, katika vijito vya Kilimanjaro na nyanda za juu kusini. Huyo Grogan ni yule aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo, akitaka kumthibitishia baba wa kambo wa mchumba wake kwamba anastahili kumwoa binti. Sisi wanawake tungeweza kuipenda hadithi hiyo, ila mtu huyohuyo mwaka 1907 aliwachapa viboko hadharani Waafrika jijini Nairobi, mbele ya mahakama, akafungwa kwa ajili hiyo. Trauti waliletwa ili walowezi wapate mchezo wa kwao. Shemeji yetu anayajua hayo yote. Alisema, "Samaki hana kosa. Leo anasomesha watoto wangu."

Somo la nyasini

Siku ya kwanza hatukwenda mtoni kabisa. Shemeji aliwafundisha baba watoto na vijana uwanjani, juu ya majani. Fimbo ya kuvulia ni nyembamba na ndefu, ina kigurudumu cha kuzungushia mshipi, na mwisho wa mshipi hufungwa nzi bandia. Nzi huyo hutengenezwa kwa ndoana ndogo iliyozungushiwa nyuzi na manyoya ya jogoo mpaka ifanane na mdudu wa mtoni. Kwa mafunzo aliitoa ndoana, akafunga kipande cha sufu.

Unairusha fimbo nyuma, unangoja mshipi unyooke wote nyuma yako, ndipo unairusha mbele. Siri iko katika kungoja. Ukiharakisha, mshipi unapasuka kama mjeledi, na nzi hukatika akapotea. Watoto wetu ni wachunga ng'ombe, mjeledi wanaujua. Kijana wetu wa tatu aliushika, akaurusha, ukalia "paa!" kama yuko malishoni. Wote wakacheka, naye akacheka. Shemeji akasimama nyuma yake, akamshika kifundo cha mkono, wakarusha pamoja, akimnong'oneza, "Ngoja... ngoja... sasa." Walirudia hivyo mpaka jua likaanza kushuka. Sisi akina mama tulikuwa barazani tukimenya viazi, tukahesabu kwamba mtoto huyo alikuwa hajacheza saa mbili mfululizo tangu mwaka uliopita.

Kando ya Sagana

Kesho yake tulikwenda wote Sagana, na chakula kwenye kapu. Kijana alikaa mbali na maji, hatua kama ishirini, na viatu vyake miguuni. Hakuna aliyemwita. Tulikuwa tumekubaliana hivyo usiku.

Shemeji aliingia mtoni akaokota jiwe la ukubwa wa mkate, akamletea pale alipokaa, akaligeuza. Chini yake walikuwamo wadudu wadogo wenye mikia mitatu, na wengine waliojijengea vijumba vya chembe za mchanga wakakaa humo ndani. Akamweleza kwamba wadudu hao hupenda maji safi na ya baridi, na ndio chakula cha trauti. Kwamba nzi yule wa manyoya anaigiza hao. Mtoto alilishika lile jiwe muda mrefu. Ninyi mlioishi na mawe yale ya Katesh mtaelewa kwa nini sisi tulinyamaza tukitazama.

Halafu akauliza swali refu kuliko yote aliyokuwa ameuliza kwa mwaka mzima: "Baba mdogo, maji yakija mengi kwa ghafla, samaki wanakwenda wapi?"

Sisi wazazi tungejibu haraka kwamba hawapati neno lolote. Shemeji alifikiri kwanza. Akasema, "Wengine wanachukuliwa, hasa wadogo. Lakini wengi wanajibanza nyuma ya mawe makubwa, au pembezoni, chini kabisa ambako maji hayana nguvu. Wanangoja. Maji yakipungua wanatoka." Akamwonyesha jiwe moja katikati ya mto na utulivu ulio nyuma yake. "Pale, sasa hivi, yuko mmoja. Amegeuzia kichwa maji yanakotoka, anangoja mdudu aletwe."

Mtoto alisimama ili aone vizuri. Kisha akasogea. Ilipofika saa sita mchana alikuwa amekaa ukingoni karibu na baba yake, na baba yake alikuwa anarusha mshipi bila kusema neno. Samaki hakupatikana siku ile, na wala hatukuhuzunika.

Siku ya tatu baba watoto alimpata trauti wa upinde wa mvua, wa urefu wa kama shubiri na nusu. Shemeji aliloweka mikono kwanza kabla ya kumgusa, kwa sababu mkono mkavu humtoa samaki ute unaomkinga. Ndoana yake huwa ameiminya kwa koleo ile ncha ndogo ya nyuma, ili itoke bila kumrarua. Akasema samaki anatakiwa ashikiliwe ndani ya maji akielekea mkondo, mpaka apate nguvu ya kuondoka mwenyewe. Akauliza nani atamshikilia.

Kijana wetu akakaa chini. Akafungua mafundo ya kamba za viatu, moja baada ya jingine, ilichukua muda. Akaviweka viatu juu ya jiwe kavu, soksi ndani yake, akaingia mtoni hadi juu ya vifundo vya miguu. Akalia kidogo kwa baridi. Baba yake alimshika mabega. Wakamshikilia yule samaki pamoja, mikono minne, mpaka akapiga mkia akaenda.

Mama yake hakuweza kusema kitu. Mdogo wetu alimpa leso.

Jambo lililotusumbua

Hatutaki mdhani kwamba tumerudi tukiwa watetezi wa mchezo huu. Yako mambo tulijadiliana na shemeji mpaka usiku, na hatukuyamaliza. La kwanza ni gharama. Fimbo na vifaa vyake ni pesa ambayo kwetu ingenunua mbuzi, na zaidi. La pili, trauti hawa wa aina zote mbili wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi duniani, kwa sababu wanapopandwa ugenini huwala samaki wadogo na viumbe wengine wenyeji. La tatu ni lile la kumtoboa samaki mdomo ili tu umwachilie. Mama mmoja pale Kiganjo alituambia, "Mimi namhurumia. Afadhali umle kuliko kumchezea." Hoja yake ina uzito. Sisi wenyewe jioni moja tulinunua trauti wa kufugwa, tukawakaanga, tukala kwa ugali na sukuma wiki, na nyama yao laini ilitupendeza. Shemeji naye alijibu kwamba bila wavuvi hao wanaolipa, ni wachache ambao wangejali kama Sagana ina maji safi au la.

Tulilopata sisi ni dogo na ni la kwetu: mchezo usio na faida ya chakula unaweza kuwa na faida ya namna nyingine, na mama anayepima kila kitu kwa chungu anastahili kuisikia.

Wanawake na mto

Msidhani pia kwamba ni mchezo wa wanaume tu. Samoni mkubwa kuliko wote aliyewahi kuvuliwa kwa fimbo Uingereza alivuliwa na mwanamke. Jina lake Georgina Ballantine, na ilikuwa katika mto Tay, Uskoti, mwezi Oktoba 1922. Alikuwa na baba yake katika mashua, wakapambana na samaki huyo kwa muda wa kama saa mbili gizani likiingia. Alikuwa na uzito wa kilo 29, sawa na mtoto wa darasa la tatu au la nne. Samaki huyo alipelekwa hospitali ya Perth wagonjwa wakamla. Zaidi ya miaka 100 imepita na rekodi yake haijavunjwa.

Na huko Vermont, Marekani, mwaka 1996 ilianzishwa huduma iitwayo Casting for Recovery, kwa ajili ya wanawake waliougua saratani ya matiti. Huwapeleka mtoni kwa siku chache wajifunze kuvua kwa nzi bandia. Ule mwendo wa kurusha fimbo polepole hunyoosha mkono na bega yaliyokazwa na upasuaji, na kukaa kandokando na wenzao waliopitia hayohayo huwapa nafasi ya kusema wasiyoweza kusema nyumbani. Mwaka 2005 ikaanzishwa nyingine, Project Healing Waters, kwa askari waliojeruhiwa vitani. Tuliposimuliwa hayo tulielewa kwamba tuliyoyaona Sagana wengine wameyaona kabla yetu.

Tulipewa pia sababu inayoingia akilini. Mtu anayevua hutazama maji, hatazami moyo wake. Mikono ina kazi, macho yana kazi, na karibu yako yuko mtu asiyekuuliza maswali. Mtoto aliyechoka kuulizwa "unajisikiaje?" hupumzika hapo.

Tuliyoyaleta nyumbani

Tulirudi Jorodom Januari 2025, kabla ya shule kufunguliwa. Shemeji alimpa kijana nzi wawili wa manyoya, akawachoma kwenye kipande cha sabuni ili ndoana zisimdhuru njiani.

Mvua za Machi zilipoanza tulikuwa na wasiwasi kuliko yeye. Usiku wa kwanza wa radi alivaa viatu. Usiku wa pili akaviweka chini ya kitanda, akalala akiwa ameteremsha mkono mmoja akivigusa. Sasa huviacha mlangoni pamoja na vya wenzake. Mvua ikiwa kubwa huamka, hukaa nasi mpaka ipungue, na sisi hatumwambii arudi kulala. Korongo la kwenda shuleni analivuka likiwa kavu. Likiwa na maji anazunguka, na katika hilo ana akili kuliko watu wazima wengi.

Jumamosi mojamoja, nauli ikipatikana, yeye na baba yake hupanda gari kwenda Basotu. Hawana fimbo ya Nyeri. Wana ufito, mshipi na ndoana yenye chambo cha mnyoo. Hukaa pale wavuvi wenyeji wanapowaelekeza, mbali na viboko. Perege wakipatikana hawawaachilii. Wanaletwa nyumbani, na babu yake, mzee wa ng'ombe, ameanza kuuliza kama kumebaki mchuzi.

Akina mama, hatusemi kila mwenye mtoto mwenye hofu auze mbuzi aende Nyeri. Tunasema haya machache. Mtoto aliyeona msiba mkubwa mpe muda, na usifiche ukweli akikuuliza, kwa sababu anajua ukimdanganya. Asimkaripie mtu kwa viatu vyake, au kwa chochote anachokishika ili apate usingizi. Hofu ikizidi, ikimzuia kula au kusoma, mpeleke kituo cha afya. Si aibu, na wapo wanaoijua kazi hiyo. Mtafutie kitu cha kufanya kwa mikono pamoja na mtu mzima mtulivu: kusuka ukili, kufinyanga, kupanda miche, kuvua. Na baba watoto akitaka kutoka na mtoto kwa shughuli isiyoonekana kuleta kitu, muulize kwanza wanakwenda na nani na watarudi saa ngapi. Akikujibu vizuri, wafungie viazi viwili na chupa ya maji, uwaache waende.